DAWA KALI ZA MAUMIVU: MANUFAA YAKE, HATARI ZAKE, NA WAJIBU WA CHAMA

Msimu wa mavuno unapofika, kazi ya chama cha msingi huongezeka, na maumivu ya miili ya watu huongezeka pamoja nayo. Mkulima huinama shambani tangu alfajiri. Mpagazi hubeba magunia kutoka mizani hadi ghalani, na kutoka ghalani hadi kwenye lori, mpaka jua linapotua. Katika majuma hayo vidonge vya maumivu hupita mkono hata mkono, na aghalabu hakuna aulizaye ni vidonge gani, vimetoka wapi, wala nani aliyeviandika.

Wakati huohuo, katika nyumba za wanachama wengine, yumo mzee au mama aliyelala kitandani kwa saratani, hawezi kugeuka wala kulala usingizi. Daktari amemwandikia mofini, lakini jamaa zake wanaikataa kwa kuogopa kwamba "itamfanya mlevi" au "itamharakisha."

Watu hawa wawili wanakosea juu ya dawa za ukoo mmoja. Asiyezihitaji anazimeza bila hofu, na anayezihitaji ananyimwa kwa sababu ya hofu. Makala hii inakusudia kueleza dawa hizo ni zipi, zinafanyaje kazi, zinamfaa nani, zinamdhuru nani, na katibu wa chama pamoja na kamati yake wanaweza kufanya nini.

Asili ya dawa hizi

Dawa kali za maumivu zinazozungumzwa hapa ni za jamii ya kasumba. Wazee wa pwani walilijua neno hilo zamani, nao waliiita pia afyuni: utomvu wa mmea fulani wa maua, uliokaushwa na kuvutwa au kumezwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia kijana wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, aliweza kutenga katika utomvu huo kitu chenyewe kinachotuliza maumivu, nacho kikaitwa mofini. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Robiquet alitenga kodeini. Baadaye viwanda vikatengeneza dawa nyingine zinazofanya kazi kwa njia hiyohiyo, kama pethidini, fentanili, oksikodoni na tramadoli.

Parasetamoli, aspirini na ibuprofeni si za jamii hii. Hizo nazo zina madhara yake zikizidishwa, lakini hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Tofauti hii haina budi kueleweka na kila mwanachama, kwa sababu kidonge cheupe hufanana na kidonge cheupe kingine, na jina la "dawa ya maumivu" hutumika kwa vyote.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwongozo wa kutibu maumivu ya saratani kwa mfano wa ngazi yenye vipandio vitatu. Kipandio cha kwanza ni dawa za kawaida kama parasetamoli. Cha pili ni dawa za kasumba zenye nguvu ndogo, kama kodeini. Cha tatu ni zile zenye nguvu, na iliyo mbele ya zote ni mofini. Mgonjwa hupandishwa ngazi kwa kadiri maumivu yanavyozidi, na si kwa kadiri ya fedha alizonazo au haraka aliyonayo.

Jinsi zinavyofanya kazi

Katika ubongo na uti wa mgongo mna vipokezi vilivyo mfano wa kufuli. Mwili wenyewe hutengeneza funguo zake za asili za kufuli hizo, nazo husaidia kupunguza maumivu wakati wa jeraha au taabu. Dawa za jamii ya kasumba ni funguo kutoka nje, zinazoingia katika kufuli zilezile kwa nguvu iliyo kubwa kuliko za asili. Zikiingia, habari ya maumivu haifiki ubongoni kwa ukali wake. Kidonda kipo palepale, na mfupa uliovunjika haujaunga, ila mtu haoni uchungu wake kama kwanza.

Ikumbukwe kwamba kufuli hizo hazikuwekwa kwa ajili ya maumivu peke yake. Nyingine ziko sehemu ya ubongo inayosimamia kupumua. Nyingine ziko katika matumbo. Nyingine ziko mahali panapompa mtu raha na kumfanya atamani kurudia jambo. Kwa hiyo dawa moja hutuliza maumivu, hupunguza pumzi, hufunga choo, na huleta raha. Manufaa na hatari zake zote hutoka katika chanzo hicho kimoja, wala haiwezekani kuchukua moja na kuacha nyingine. Linalowezekana ni kupima, na upimaji huo ndio kazi ya mganga.

Wanaostahili kupewa

Mtu aliyepasuliwa hospitalini, aliyevunjika mfupa, aliyeungua vibaya, au mwenye saratani iliyoenea, hastahili kuachwa akilia. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ambao ndio uliozifunga dawa hizi kwa sheria kali, ulikubali wazi katika utangulizi wake kwamba matumizi yake ya tiba ni ya lazima na kwamba mataifa yahakikishe zinapatikana.

Hata hivyo mgawanyo wake duniani ni wa kusikitisha. Tume ya wataalamu iliyotoa taarifa yake katika jarida la Lancet mwaka 2017 ilieleza kwamba dunia nzima hugawiwa kwa mwaka dawa za jamii hii zenye uzito wa tani 298.5, zikikadiriwa kwa nguvu ya mofini. Katika uzito huo, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Katibu aliyezoea mizani ataelewa mara moja: ni kilo 100, yaani uzito wa gunia moja la mahindi, kwa nchi zote hizo pamoja.

Afrika ya Mashariki imeonyesha kwamba hali hiyo si ya kudumu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, ambako unga wa mofini uliochanganywa na maji ulifanywa kuwa dawa ya kunywa yenye gharama ndogo, ambayo mgonjwa aweza kuinywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliopata mafunzo maalumu kuandika cheti cha mofini, ili mgonjwa wa kijijini asilazimike kumtafuta daktari wa mjini. Nchini Tanzania mofini ya kunywa hutumika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali zinazotoa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso hata pale ugonjwa usipoponyeka.

Mofini hiyo ya maji hudumu mwilini kwa muda wa saa 4 hivi. Kwa sababu hiyo hunywewa kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Jamaa wanaomwacha mgonjwa mpaka alie ndipo wampe kijiko, hudhani wanabana matumizi. Kumbe wanamtesa bure, na maumivu yaliyokwisha kupanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Hofu kwamba mofini huharakisha kifo nayo haina msingi pale dawa inapoanzwa kwa kiasi kidogo na kuongezwa polepole kwa maelekezo ya mganga. Kinachomdhoofisha mgonjwa ni ugonjwa wake, pamoja na kukosa usingizi na chakula kwa ajili ya maumivu.

Madhara ya kawaida

Mwanzoni mgonjwa huweza kupata kichefuchefu na usingizi mwingi. Mambo hayo aghalabu hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui. Kutaendelea muda wote wa kutumia dawa, na kwa hiyo mgonjwa anayepewa mofini kila siku yapaswa apewe pamoja nayo dawa ya kulainisha choo. Asipopewa, jamaa zake waiulize bila kuona haya. Wengi wameiacha mofini kwa sababu ya tumbo, wakarudi katika mateso yaleyale.

Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu, mzee sana, na mama mjamzito au anyonyeshaye, ni lazima wamweleze mganga hali yao kabla ya kuandikiwa. Watoto wana hatari ya peke yao. Kodeini hugeuzwa kuwa mofini mwilini, na wako watu, wengi wao katika Ethiopia na nchi jirani, ambao miili yao huigeuza upesi kupita kiasi. Mtoto wa namna hiyo aweza kuacha kupumua kwa dozi iliyo ya kawaida kwa mwenziwe. Ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizuia mwaka 2013 kodeini isitumiwe kwa maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12, na ile ya Marekani ikafanya vivyo hivyo kwa kodeini na tramadoli mwaka 2017.

Mambo matatu yasiyofaa kuchanganywa

Watu husema "amezoea dawa" wakimaanisha mambo matatu yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni mwili kukizoea kiasi. Kidonge kimoja kilichotosha mwezi uliopita hakitoshi tena, vyahitajika viwili. Hali hii yafanana na mwanachama anayechukua malipo ya awali juu ya mazao yaliyo bado shambani: kila msimu hukopa zaidi, na kila msimu salio lake huwa dogo.

La pili ni mwili kuidai dawa. Aliyeitumia kwa majuma kadhaa akaiacha ghafla hupiga miayo, hutokwa jasho na kamasi, huharisha, huumwa viungo na kukosa usingizi. Hilo humpata hata mgonjwa mwaminifu asiyepitisha tone. Tiba yake ni mganga kuipunguza dawa hatua kwa hatua.

La tatu ni uraibu. Hapa mtu huitafuta dawa ijapokuwa maumivu hayapo. Huificha, huidanganyia, huuza mbuzi au mbolea ili aipate, na huendelea nayo akiona dhahiri kwamba inamharibia nyumba. Huu ni ugonjwa, nao unatibika. Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 kwa ajili ya walioathirika na heroini, na nyingine zikafuata mikoani. Mwenye uraibu apelekwe kwa mganga. Kumtangaza mkutanoni hakumponyi.

Mgonjwa wa saratani anayeongezewa mofini kwa sababu maumivu yamezidi yumo katika jambo la kwanza na la pili. Kumwita mlevi ni kumdhulumu.

Tramadoli na kazi za sulubu

Tramadoli ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1977. Ni dawa halali, nayo ina mahali pake katika tiba ikiandikwa na daktari. Lakini katika nchi nyingi za Afrika imeingia mikononi mwa madereva, wachimba madini, wapagazi na wakulima, wanaoimeza ili wasione uchovu. Mara nyingi hununuliwa kwa vidonge vya kuhesabu, bila boksi wala jina, na nguvu ya kidonge haijulikani.

Habari ya Kamerun yatosha kuonyesha jambo hili lilivyofika mbali. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameikuta tramadoli katika mizizi ya mti mmoja wa asili wa kaskazini mwa nchi hiyo, wakadhani mti wenyewe ndio unaoitengeneza. Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha chanzo kingine. Wakulima wa sehemu hizo walikuwa wakiimeza tramadoli ili kustahimili jua, na wakiwapa ng'ombe wa kulimia pia. Dawa ikatoka kwa mkojo wa watu na wa wanyama, ikaingia katika udongo na maji, na mizizi ikaifyonza.

Anayemeza tramadoli ili abebe magunia zaidi hapati nguvu mpya. Anazima kengele tu. Misuli inachanika na pingili za mgongo zinaumia, naye hasikii. Zaidi ya hayo tramadoli ikizidi huleta kifafa hata kwa asiyekuwa nacho, na hatari hiyo hukua ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona. Mtu akianguka kifafa akiwa juu ya lundo la magunia, au akiwa ameshika usukani wa lori, madhara hayamwishii yeye peke yake.

Wala si kweli kwamba dawa hizi ndizo tiba bora ya mgongo. Mwaka 2023 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio la watu 347 wenye maumivu mapya ya mgongo au shingo. Kundi moja lilipewa dawa ya jamii ya kasumba, na jingine kidonge kisicho na dawa ndani yake. Baada ya majuma 6 makundi hayo hayakutofautiana kwa nafuu.

Hapa chama kinapaswa kujitazama chenyewe. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa mzigo wa juu wa kubebwa na mwanamume mzima peke yake. Gunia la kahawa la kilo 60 limekwisha kupita kipimo hicho, na gunia la mahindi la kilo 100 limekipita karibu mara mbili. Ghala lisilo na mkokoteni, linalomlipa mpagazi kwa kila gunia na kumtaka abebe peke yake, linamsukuma kwenye vidonge kwa mkono wake lenyewe.

Funzo kutoka Marekani

Isidhaniwe kwamba uraibu huletwa na wauzaji wa vichochoroni pekee. Nchini Marekani ulianzia kwenye vyeti halali. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza oksikodoni kwa jina la OxyContin, ikiwahimiza madaktari waiandike hata kwa maumivu ya kawaida ya muda mrefu, na kudai kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Wengi walioandikiwa walinaswa, na waliponyimwa cheti baadhi yao waligeukia heroini, kisha fentanili ya magendo. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilikiri makosa ya jinai mahakamani. Mwaka 2022 watu zaidi ya 80,000 walikufa nchini humo kwa dawa za jamii ya kasumba, wengi wao kwa fentanili hiyo ya magendo. Basi cheti peke yake hakitoshi. Anayeandikiwa ana haki ya kuuliza dawa hiyo ni ya siku ngapi, na itasimamishwa vipi.

Kabati na daftari

Hospitali hutunza mofini katika kabati la kufuli, na kila tone huandikwa katika daftari: iliyoingia, iliyotoka, jina la mgonjwa, sahihi ya mtoaji na ya shahidi, na salio. Katibu ataitambua kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo ya daftari lake la fedha. Nyumbani nako chupa ya mofini yataka utaratibu wa namna hiyo. Mtu mmoja katika nyumba apewe dhamana ya kuitunza mahali pa kufungwa, mbali na watoto, na aandike saa ya kila dozi katika karatasi. Mgonjwa akifariki au akipona, mabaki yarudishwe hospitali, kwa maana chupa iliyosahauliwa kabatini imekwisha kuua watoto na kuanzisha uraibu wa vijana. Dawa ya mgonjwa mmoja asipewe mwingine, hata kama maumivu yao yanafanana.

Dalili za hatari

Aliyezidisha dawa hizi hulala usingizi usioamshika, hukoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi zake hazifiki 10 katika dakika moja, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, na midomo hugeuka rangi. Pombe, na vidonge vya usingizi kama Valium, huongeza hatari hiyo sana, kwa kuwa vyote huvuta pumzi chini kwa pamoja.

Mtu wa hali hiyo alazwe ubavu, asipewe maziwa wala maji, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali upesi pamoja na kopo au karatasi ya dawa aliyotumia. Pumzi zikikatika, anayejua kumpulizia mtu pumzi mdomoni afanye hivyo njiani. Hospitali yaweza kumchoma nalokisoni, inayoziondoa dawa hizo katika kufuli zake. Lakini nalokisoni hudumu kwa muda mfupi kuliko baadhi ya dawa zenyewe. Mgonjwa aliyezinduka huweza kuzama tena, basi asirudishwe nyumbani mara moja.

Mambo ya kusomwa katika mkutano wa wanachama

1. Duka la chama lisiuze dawa yoyote ya jamii ya kasumba, wala lisiruhusu mchuuzi kuiuza katika eneo la ghala au mizani.

2. Mwanachama asinunue kidonge cha maumivu kisicho na boksi, jina na tarehe ya mwisho wa matumizi.

3. Gunia zito libebwe na watu wawili au kwa mkokoteni. Kamati iingize gharama ya mkokoteni katika makisio ya msimu.

4. Dereva wa lori la chama anayetumia dawa hizi kwa cheti amweleze meneja, naye apangiwe kazi nyingine mpaka amalize, bila kukatwa ujira kwa sababu hiyo.

5. Katibu aulize hospitali ya wilaya ni kituo gani kilicho karibu kinachotoa tiba shufaa na mofini ya kunywa, aandike jibu hilo katika ubao wa matangazo.

6. Mwanachama mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani afikiriwe mapema katika mkopo wa dharura wa nauli. Dawa yenyewe huenda isiwe ghali, lakini safari ya kuifuata kila mara humshinda mtu.

7. Anayeonekana kunaswa na dawa aitwe faraghani na wazee wawili anaowaheshimu, na apelekwe kwa mganga. Uanachama wake na hisa zake zisiguswe kwa ajili ya ugonjwa.

Vyama vya ushirika viliundwa ili mnyonge asiachwe peke yake mbele ya mizani. Mgonjwa anayelia usiku kwa kukosa mofini, na kijana anayemeza vidonge ili gunia limshinde kesho badala ya leo, wote wawili wamo katika daftari la wanachama. Mkutano unaosoma hesabu za mazao una nafasi ya kuwasoma na wao.